Kinywaji Kisicho na Ladha: Kuhakiki Lugha ya Matangazo ya Vodka na Kokteli

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la aina hii. Swali la isimujamii limempa mtahiniwa tangazo la biashara na kumtaka abainishe sifa za sajili iliyotumika. Mtahiniwa anaandika: kuna chuku, kuna takriri, sentensi ni fupi, kuna kuchanganya ndimi, lugha ni ya kushawishi. Unatia alama za vema, unajumlisha, unafungua karatasi inayofuata. Jibu ni sahihi kabisa. Lakini mwite mtahiniwa huyo umwulize tangazo lenyewe lilimfanya nini alipolisoma, naye atakutazama kama aliyeulizwa swali la Fizikia. Amehesabu vyombo vya seremala bila kuiona meza.

Katika makala haya nakualika tuiingie sajili ya matangazo kwa mlango usiotumiwa sana: matangazo ya vodka na kokteli zake, hasa yale yaliyochapishwa katika majarida ya zamani. Kokteli, kwa asiyeijua, ni kinywaji cha kuchanganywa: kileo, maji ya matunda au soda, sukari na barafu katika bilauri moja. Najua wapo watakaosema kuwa mada hii haifai kuingizwa darasani. Hoja yao ina uzito na nitairudia baadaye.

Kwa nini vodka? Sababu ni ya kiuhakiki. Bia ina uchungu wake. Mvinyo una rangi na ukali wa zabibu. Wiski ina harufu ya pipa. Vodka haina chochote kati ya hayo. Kanuni za Marekani za mwaka 1949 ziliieleza vodka kuwa kileo kisicho na sifa bainifu, harufu, ladha wala rangi, na maelezo hayo yalibaki katika kanuni hizo hadi mwaka 2020. Hebu fikiria kazi ya mtunzi wa tangazo hapo. Sheria yenyewe imetamka kwamba bidhaa yake haina ladha! Hana cha kusifia ndani ya chupa, kwa hivyo itambidi aunde kila kitu nje ya chupa, kwa neno na kwa picha. Kwa mhakiki, hiyo ni bahati. Kila utakachokikuta katika tangazo la vodka kimewekwa na lugha.

Nyumbu aliyetoka Connecticut

Naishi Thika na kufundisha Ruiru. Miaka kadhaa iliyopita, kwa muuza vitabu vikuukuu aliyetandaza bidhaa zake karibu na stendi ya matatu mjini Thika, nilinunua majarida matatu ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960. Sijui yalifikaje pale. Huenda yaliachwa na mlowezi au mmishonari. Niliyanunua kwa ajili ya picha za magari. Kilichonishangaza ni wingi wa matangazo ya vileo, na jinsi matangazo ya vodka yalivyotofautiana na mengine. La wiski lilizungumzia miaka ya kukomaa na ufundi wa wazee. La vodka lilikuwa na watu wawili wanaotazamana, bilauri, na pembeni kwa herufi ndogo, maelekezo: chukua hiki, kamulia kile, tia barafu, koroga.

Simama hapo kwanza. Hiyo ni sajili ya upishi ndani ya sajili ya matangazo. Vitenzi vimo katika hali ya kuamuru, lakini msomaji haoni kuwa ameamrishwa kwa sababu amri za jikoni hazimwudhi mtu. Anapofika neno la mwisho, akilini mwake kinywaji kimekwisha kuandaliwa. Hajaambiwa anunue chochote. Mtahiniwa anayeona jambo hili amekwenda mbali kuliko anayeandika tu "lugha ya kushawishi".

Historia inaeleza kwa nini maelekezo yalikuwa muhimu hivyo. Jina la Smirnoff lilianzia Moscow katika karne ya 19. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 familia ilitawanyika, na hatimaye haki za kuitengeneza vodka hiyo Marekani zikanunuliwa mwaka 1939 na kampuni ya Heublein ya jimbo la Connecticut, chini ya John Martin, kwa dola 14,000. Wamarekani wa wakati huo hawakuijua vodka. Masimulizi yanasema kwamba mwaka 1941 Martin alikutana na Jack Morgan, mwenye baa huko Hollywood, ambaye naye alikuwa na shehena ya soda ya tangawizi isiyonunuliwa. Wakachanganya mizigo yao miwili, wakatia ndimu, wakamimina katika kikombe cha shaba na kukiita Nyumbu wa Moscow. Baadaye Martin alizunguka baa kwa baa na kamera ya Polaroid, akimpiga mhudumu picha mbili akiwa na kikombe hicho: moja akamwachia, ya pili akaenda nayo kumwonyesha mhudumu wa baa iliyofuata kwamba jirani yake tayari anakiuza.

Kwa Mkenya, mchanganyiko huo ni soda ya tangawizi ya kawaida iliyotiwa ndimu na kileo. Hakuna la ajabu ndani yake. La ajabu ni jina. Vodka ya Connecticut, soda iliyokosa soko, na mnyama ambaye hakuna aliyemwona, vyote vikaletwa pamoja na neno "Moscow". Ukitafuta mfano wa jina linalobuni sifa ambayo kitu chenyewe hakina, usitafute zaidi.

Utata wa pumzi

Katika miaka ya 1950 Smirnoff ilipata wito uliodumu kwa muda mrefu majaridani. Kwa Kiswahili tungeweza kusema kinywaji hicho "kinakuacha bila pumzi". Tafsiri hii inapoteza nusu ya maana, na hapo ndipo penye somo. Katika Kiingereza, neno linalotaja pumzi ndilo linalotaja pia harufu ya kinywa. Maana ya kwanza, ya juu juu, ni ya mtu aliyeshangazwa na uzuri hata akasahau kupumua. Maana ya pili ni ya kiutendaji: ukinywa mchana, bosi wako hatainusa saa nane. Maana ya kwanza ndiyo iliyochapishwa, na ya pili ikaeleweka. Hakuna aliyeweza kuishtaki kampuni kwa kuwafundisha watu kuficha ulevi, kwa kuwa sentensi hiyo haikusema hivyo. Wanafunzi wetu hufundishwa kuwa utata ni kasoro ya sentensi inayopaswa kuondolewa. Hapa utata ni bidhaa.

Mwaka 1955 mpiga picha Bert Stern alikwenda Misri kwa kazi ya kampuni hiyo hiyo. Akaweka bilauri ya martini jangwani mbele ya piramidi la Giza, na kioevu kilichomo kikaligeuza piramidi juu chini ndani ya bilauri. Katika lugha ya wanywaji wa Kiingereza, martini yenye kileo kingi na kiungo kidogo huitwa "kavu", na jangwa ni kavu. Mchezo wa maneno ukakamilika bila maelezo marefu. (Huku kwetu "kunywa kavu" ni kunywa bila kuchanganya na chochote, kwa hivyo mnywaji wa Ruiru angeielewa picha hiyo kwa maana tofauti kabisa.) Picha hiyo husifiwa hadi leo katika historia ya upigaji picha, na kweli ni nzuri. Lakini mhakiki wa Kiafrika hana budi kuuliza: piramidi linafanya nini pale? Jengo la kale la Afrika limewekwa ndani ya bilauri ili kuuza kinywaji cha Marekani.

Swali hilo lina uzito zaidi ukikumbuka hali ya Kenya. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na kwa miongo mingi ya ukoloni sheria ya Kenya haikumruhusu Mwafrika kununua pombe kali ya chupa. Hoteli ya Blue Post hapa Thika, iliyoanzishwa mwaka 1908 karibu na mito ya Chania na Thika, ilikuwa mahali pa walowezi kupumzikia. Aliyechuma mananasi hakuketi kwenye baraza ya anayeyanywa. Kwa hivyo chupa ilipofunguliwa kwa wote, haikuwa chupa tu. Ilikuwa cheti cha uraia. Ndiyo maana matangazo ya bia nchini yalishika mkondo wa taifa na nguvu. "Bia yangu, nchi yangu" ya Tusker ni usambamba wa maneno manne tu, lakini kiambishi kimiliki kinaifanya chupa kuwa na uzito sawa na ardhi. "Imara kama simba" ya Pilsner ni tashbihi isiyohitaji ufafanuzi. Bia ilijivika bendera na wanyama. Vodka ilikuja baadaye kwa njia nyingine.

Neno "dawa"

Sasa tuje kwenye kokteli yetu wenyewe. Mkahawa wa Carnivore, ulioko barabara ya Langata jijini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1980, na kinywaji kilichopata umaarufu huko kinaitwa Dawa. Ni vodka, ndimu iliyokatwa na maganda yake, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali ambacho mnywaji hukitumia kukorogea. Asili yake ni kinywaji cha Brazil. Mhudumu aliyekipitisha mezani alijulikana kama Daktari Dawa. Leo utaikuta katika orodha za vinywaji kutoka Nairobi hadi hoteli za pwani, na katika vitabu vingi vya kuwaongoza watalii.

Mwalimu, hebu andika neno hilo ubaoni na uwaachie wanafunzi dakika kumi. Dawa ni kitu cha kuponya. Dawa hutolewa na anayejua, humezwa na asiyejua. Dawa ikiwa chungu hunywewa hivyo hivyo. Anayeikataa huonekana mkaidi. Dawa haina kosa la kimaadili, na anayeinywa huonewa huruma. Sifa zote hizo zinahamishwa kwa neno moja na kupewa kileo. Je, ni tafsida? Kwa kiasi fulani, kwa kuwa neno "pombe" limefichwa. Je, ni sitiari? Ndiyo. Je, ni kinaya? Inategemea anayelisema. Mtalii anayeelezwa maana yake hucheka na kuagiza ya pili. Mke wa mlevi akilisikia neno hilo hilo hacheki.

Kuna utata zaidi ambao wageni hawauoni. Katika mikahawa na vibanda vya hapa kwetu, "dawa" pia ni kinywaji moto cha tangawizi, ndimu na asali, kisicho na kileo chochote, ambacho mtu mwenye mafua huagiza asubuhi ya baridi ya Julai. Ndimu ni ile ile, asali ni ile ile. Kokteli ilichukua jina na viungo vya nyumbani, ikaingiza kitu kimoja tu kisichoonekana wala kunuka. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Nne aliwahi kuandika katika insha kuwa mjomba wake "alikunywa dawa nne akalala barazani". Nilimkosoa kwa kutumia neno visivyo. Ni mimi niliyekosea.

Chupa ya maji

Hapa ndipo ninaporudi kwa wanaosema mada hii haifai darasani. Wanasema tutawafundisha watoto mambo wasiyoyajua. Naomba nisimulie kisa.

Jumamosi moja nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule niliyofundisha zamani. Kiranja aliniletea chupa ya maji iliyopatikana kitandani pa mvulana wa Kidato cha Tatu. Kioevu kilikuwa safi kama maji. Nilimwita mvulana. Hakutetemeka. Alinisogezea chupa akasema, "Nusa, mwalimu. Haina harufu."

Alikuwa amezaliwa miongo mingi baada ya wito ule wa majarida ya Marekani, na sidhani aliwahi kuusikia. Lakini maana yake ya pili, ile isiyochapishwa, aliijua kwa ukamilifu.

Alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Mama yake, ambaye huuza mboga Ruiru, alikuja shuleni akiwa amekasirika, si kwa mwanawe bali kwetu. Naibu wa mwalimu mkuu akamwonyesha ile chupa. Mama akaifungua, akainusa mara mbili, akaiweka mezani.

"Haya ni maji, mwalimu."

"Si maji, Mama."

"Mimi mlevi namjua kwa pua. Baba yake nilimjua kwa pua miaka 12. Mnamfukuzia mtoto maji?"

Hatukuwa na la kumjibu lililomridhisha. Mwishowe alionja kwa ncha ya ulimi, akanyamaza. Mwanamke huyo alikuwa na maarifa ya miaka mingi, yaliyomgharimu sana, na kinywaji hiki kilikuwa kimeyapita yote. Ndiyo maana sikubali kwamba kunyamaza kwetu darasani kunamkinga mtoto. Ujumbe umeshamfikia. Ambacho hajakipata ni mtu wa kumsaidia kuusoma.

Na usomaji huo una uzito wa maisha. Mnamo Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli kwa macho ni safi vilevile. Neno "safi", ambalo matangazo ya vodka yamelipenda tangu zamani, linataja kile jicho linachokiona. Haliwezi kutaja kingine.

Sauti mbili katika tangazo moja

Tangazo la leo lina jambo ambalo majarida yale ya zamani hayakuwa nalo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliweka saa za kuuza na kulazimisha maonyo ya afya. Ukipita Barabara Kuu ya Thika ndani ya matatu, tazama mabango kwa jicho la mhakiki. Juu kuna sauti moja: nafsi ya pili umoja, wakati uliopo, maneno machache, herufi kubwa. Chini kuna sauti nyingine: unywaji wa kupita kiasi una madhara, kisiuzwe kwa walio chini ya miaka 18. Sauti ya pili haina nafsi. Haimwambii mtu yeyote. Imeandikwa kwa mtindo wa sajili ya sheria, na matatu inapita kabla hujaimaliza. Zaidi ya hayo, "kupita kiasi" ni fungu la maneno lisilo na kipimo; kila mlevi ninayemjua hunywa kwa kiasi. Mwaka 2025 sera mpya ya kitaifa ilipendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Sina kinyongo na pendekezo hilo, ila tarakimu katika herufi ndogo hubaki katika herufi ndogo.

Kwa mtahiniwa, mfano huu unajibu swali ambalo hutatiza wengi: je, matini moja inaweza kuwa na sajili mbili? Inaweza, na zinaweza kugombana.

Zoezi la darasani

Nilitunga tangazo lifuatalo kwa ajili ya Kidato cha Nne. Si la kampuni yoyote:

"Jioni ni yako. Marafiki ni wako. Barafu, ndimu, na utulivu ulioutafuta wiki nzima. Kilichobaki ni wewe tu."

Maswali yalikuwa manne, ya jumla ya alama 10. La kwanza lilikuwa la kawaida: bainisha sajili na utoe sifa nne. Wote walifaulu. Walitaja takriri ya "ni yako", "ni wako", sentensi fupi, nafsi ya pili na kudondosha kitenzi. La pili liliwataka waeleze kazi ya viambishi vimilikishi. Hapa wachache waliona kwamba msomaji anapewa kwanza vitu ambavyo tayari ni vyake, kisha anauziwa. La tatu: linganisha tangazo hili na namna riwaya uliyosoma inavyomsawiri mlevi. Waliomtumia Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea waliandika vizuri. Mmoja alisema kuwa tangazo huishia jioni ilhali riwaya huanzia asubuhi. Nilimwomba asome jibu hilo kwa sauti.

La nne lilikuwa la alama 2: tangazo hili linauza nini? Walio wengi walisema hoteli. Wawili walisema soda. Watano, kwa kuwa ni watoto wa Ruiru, walisema ploti. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema "pombe".

Msichana mmoja aliandika hivi: "Haijulikani, kwa sababu jina la kitu kinachouzwa halimo. Labda kingetajwa, watu wasingekinunua."

Nilimpa alama 2. Mwenzangu niliyesahihisha naye alimpa sufuri, kwa hoja kwamba mwongozo ni mwongozo na katika mtihani wa kitaifa hakuna atakayekaa kumsikiliza. Karatasi hiyo ingali kwenye droo yangu, ina alama mbili tofauti kwa wino wa rangi mbili.